Neno la Sita

Shilingi ya huku na shilingi ya kwetu
wamepeana jina tu, undugu hawana.
Nililijua hilo Mutukula, kwa mbadili fedha,
nilipohesabu karo mara tatu
na mara tatu ikatoka tofauti.
Basi likapita Kyotera, likapita Masaka,
mfuko wa korosho za Newala mapajani,
hadi Mbarara ikanipokea kwa baridi
na ng'ombe mwenye pembe ndefu kama mikono inayoomba dua,
kasimama katikati ya barabara,
hana haraka, hana mtihani.

Chumba nilipata Kakoba, uani kwa Bi Kyomugasho:
kitanda, meza yenye mguu mmoja wa tofali,
na msumari mmoja wa kutundikia kila kitu,
koti jeupe la uuguzi, kanga, taulo, unyonge.

Usiku wa kwanza nikamwambia, kwa adabu niliyolelewa,
"Lala salama, mama."
Akaganda.
Kikombe kikagongana na kisahani chake
kama meno ya mwenye homa.
Kisha akaingia ndani. Nikasikia komeo,
halafu komeo la pili.

Kantini niliomba chumvi, meza nzima ikacheka:
"Afande, usitukamate!"
Akello wa Lira, mgeni kama mimi,
akanikatia nusu ya rolexi yake, mayai yanachuruzika,
akasema bila kuinua macho:
"Huku lugha yako ilifika na bunduki."

Lugha yangu?
Hii niliyobembelezewa mgongoni,
ambayo bibi aliitumia kugombana na kuku?
Nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro pamoja na pasipoti.
Wiki saba nikaishi kwa Kiingereza cha wahadhiri
na vijisalamu vya kuokoteza: agandi, webare.
Hata ndoto zangu ziliota kimya.

Umeme ukakatika siku moja, tokeni zimeisha,
tukakaa kizingitini tukimenya njegere gizani.
Akaanza mwenyewe, kwa lugha tatu zilizovunjikavunjika:
"Mimi najua maneno matano ya kwenu."
Akahesabu kwa vidole.
Simama.
Toa.
Haraka.
Kimbia.
La tano hakulitamka. Alinyoosha kidole chini, sakafuni,
akakiacha hapo.
"Nilikuwa na miaka tisa," akasema,
tukarudi kwenye njegere.

Jumamosi nikazunguka soko zima kutafuta nazi.
Nikaipata moja, kavu, bei ya kukufuru.
Nikapika wali, huku nakariri dozi za watoto,
kilo kumi miligramu ngapi, kilo kumi na mbili ngapi,
mpaka moshi ukanikumbusha.
Nilikuwa naibeba sufuria kwenda kumwaga, naona haya,
Bi Kyomugasho akanizuia mlangoni na kijiko.
Akakwangua. Akatafuna, kru, kru.
"Hii nini?"
"Ukoko."
"Ukoko," akarudia, taratibu,
kama anayeonja chai asijue ni ya moto kiasi gani.
Akakwangua tena. Hakuniachia hata punje.

Sasa ni muhula wa pili. Karo bado haijatimia,
koti bado linagombania msumari na kanga,
na sokoni bado nabanwa ulimi.
Lile neno la tano sijamwambia tena.
Usiku humwambia oraaregye, kwa Kinyankole chake;
ukichimba, mzizi ni uleule,
ila hili halikuwahi kuvaa buti.

Nikitoka zamu wodini saa tano za usiku,
viatu vimejaa matope, kichwa kimejaa wagonjwa,
nagonga geti.
Haulizi nani.
"Ukoko?" anaita kutoka ndani.
"Ukoko," namjibu,
na komeo linafunguka,
halafu la pili.