Sukuma Chini, Kisha Zungusha

Kabla ya kiwanda kulikuwa na gunzi.
Gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu,
limechomekwa mdomoni mwa chupa ya soda
yenye mafuta ya taa,
chini ya meza, jikoni, Kiboriloni.
Mjomba Aikaruwa alikuwa na miaka miwili, na kiu.

Nyumbani hatusemi zaidi ya hapo.
Bibi husema tu, "Gunzi halina kosa,"
kisha huuliza kama ng'ombe wamepewa majani.

Babu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa.
Mnadani akanunua mtambo wa plastiki, kuukuu,
akauteremsha Njoro kwa lori la ndizi,
na mwaka mzima ukamtemea vifuniko vilivyopinda
kama masikio ya mbuzi.
Majirani walicheka: mtu mzima na akili zake,
anatengeneza kitu kisichofunguka!

Cha kwanza kilichokubali nimekitunza kwenye droo ya hesabu,
chekundu, meno mawili kwa ndani.
Sukuma chini, kisha zungusha.
Ni mawazo mawili kwa wakati mmoja, alisema Babu;
mtoto ana moja tu, na analishika kwa nguvu.

Kila mzigo mpya ulipimwa uani.
Watoto wa mtaa mkekani, kila mmoja na chupa ya karanga,
dakika kumi kwa saa ya ukutani.
Waligonga, waling'ata, walilia, waliviringisha.
Akifungua hata mmoja, Babu alimwachia karanga zote
akaenda kuzima mashine.

Kisha zamu ya Bibi,
vidole vimekakamaa kwa jembe na baridi ya mlimani,
kwa kuwa dawa inayomfungia mgonjwa nje
nayo ni sumu, ya namna yake.
Bibi akishindwa, mashine ilizimwa vilevile.
Katikati ya hao wawili, anayeng'ata na anayetetemeka,
ndipo tulipolia, tukasoma, tukaolewa.

Baba alitaka kupunguza jino moja
plastiki ilipopanda bei.
Mwezi mzima yeye na Babu walikula meza moja
bila kuulizana chumvi iko wapi.
Jino likabaki. Gari likauzwa.

Mimi nimerithi kalibu nne za chuma,
deni la umeme,
na mteja mmoja wa Arusha, mwaminifu,
anayelipa akikumbuka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada,
Bibi alinisogezea kichupa cha dawa yake ya presha.
Kifuniko chetu. Chekundu.
Hakuwahi kuniomba.
Nikasukuma, nikazungusha, kikalia: tak.
Akahesabu kidonge kimoja, akanywa na chai ya rangi,
akakitazama kiganja chake
kama mtu anayesoma risiti.

"Ndeshi," akasema,
"kazime mashine."

Jumatatu nikaizima.
Nikaanza kutafuta tupa ya Babu.