Mlango wa Wikio

Walisema mita moja na nusu.
Famau akachukua futi yangu ya kushonea,
akapima uchochoro, ukuta hadi ukuta,
akarudi anacheka: "Mama, mtaa wetu haufiki."

Haufiki kweli. Upana wake
ni punda mmoja na mifuko yake miwili ya mchanga.
Ukimwona mtu anakuja
unarudi nyuma hadi daka la karibu,
unabana mgongo kwenye mlango wa watu,
unamsalimia kwa macho, apite.
Punda hana barakoa, wala hampishi mtu.

Alfajiri ile ya kwanza
muadhini alifika pale pa kutuita
akatuambia tusali majumbani.
Sauti ilimkatikia kooni.
Lali alikuwa keshavaa kanzu.
Akaketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni,
mpaka uji ukapoa.

Siku hizi yeye ndiye imamu wa kiwandani,
maamuma wake Famau, mimi, Zena, na paka
anayejinyoosha pale pa kusujudu.
Juzi alikwama katikati ya sura;
Famau, miaka tisa, akamkumbusha
kwa sauti kavu ya mwalimu wa chuo.

Wageni aliokuwa akiwatembeza wamerudi kwao.
Basi anatutembeza sisi, mkono mgongoni:
"Hapa, mabibi na mabwana, ni ukuta wa matumbawe.
Hili ni birika, na ndani yake samaki wawili
wanaokula viluwiluwi vya mbu.
Na hiki ni kidaka cha kale sana
cha kuwekea sanitaiza."
Watoto wanalipa kwa vifungo vya shati.
Usiku, wakishalala, anavihesabu.

Bi Sheikha hashuki tena.
Anateremsha kikapu dirishani, ndani yake noti;
kinapanda na mchicha, ndimu,
na chenji inayonuka sabuni.
"Yeo ni siku ngani?" anauliza.
Jumatano, bibi.
Baada ya chakula anauliza tena.
Zamani nilimjibu papo hapo.
Sasa nami huhesabu kwanza kwa vidole.

Na huko juu kuna wikio,
chumba kinachovuka uchochoro
toka kwetu hadi kwa dada yangu Tima.
Babu alikijenga ili wanawake wa ukoo
wasishuke mtaani kwa kuazimana chumvi.
Katikati kuna mlango. Tangu utoto wangu
sijauona umefungwa; tulidhani ni pambo.

Tima alijifungua mwezi wa Shaabani,
wiki ambayo mumewe alirudi toka Mombasa na kikohozi.
Akatia komeo mwenyewe, kwa upande wake,
akaniambia kupitia ubao: "Usikasirike."
Sikukasirika. Nilikwenda kuosha vyombo
vilivyokuwa visafi.

Mtoto nilimsikia kabla sijaambiwa jina.
Analia kwa mafungu mafungu,
kama mtu anayetafuta kitu na kukisahau.

Mimi kazi yangu ni kofia za vitobo.
Nikaomba kipimo.
Ijumaa ile uzi mweupe ukapenya chini ya mlango,
una fundo moja.
Hicho ndicho kichwa chake.
Niliuzungusha kwenye chungwa, ukapwaya kidogo,
nikalibeba lile chungwa kifuani
hadi Lali akaniuliza nina nini.

Nikaanza kutoboa. Kofia ya maana haina haraka;
tobo moja, sindano inazunguka, tobo jingine.
Ijumaa ya pili, uzi mwingine.
Ya tatu, mwingine.
Nimezitundika kwenye msumari, kidakani,
na usiku, kafyu ikishaanza
na mtaa ukabaki na mlio wa maji ya mtu anayetawadha,
ninazilinganisha chini ya taa:
tofauti ni ukucha, ukucha na nusu.

Kichwa kinaishinda sindano yangu mbio.
Nilipofika nusu ya ua la pili
kofia ilikuwa tayari ndogo.

Sikuifumua. Nimeinusisha udi,
nimeikunja, nimeisukuma chini ya mlango
pale uzi ulipopita.
Ilikwama kidogo.
Kisha upande wa pili mtu akaivuta,
taratibu,
nami sikuachia mara moja.