Vidole Viwili

Sindano hunichoma tumboni kila baada ya miezi mitatu.
Kazi yake ni kuzima kile kinachoilisha saratani ya tezi dume.
Daktari Grażyna alinichorea nyuma ya bahasha:
duara, mshale, duara jingine, mkato.
Hakuchora joto.

Joto lilijileta.

Saa nane usiku, hapa Białystok, nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linashika masikio,
kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri ili aniulize jambo.
Tanuri nalijua.
Miaka thelathini na moja nilikuwa mtambo wa kupasha maji ya mji,
makaa kwa tani, mvuke kwa bomba,
na wajane wa ghorofa ya nne wakipiga simu:
Bwana Zenon, ukuta wetu umepoa, una habari?
Leo bomba ni mimi.
Nimeitafuta vali, haipo.

Nalowa. Nabadili fulana. Natandika taulo.
Robo saa baadaye natetemeka kwa jasho langu mwenyewe.
Mara sita kwa usiku; niliandika daftarini kwa mazoea ya kazi:
saa, dakika, ukali.
Daktari alilisoma daftari hadi ukurasa wa mwisho,
hakucheka, akaandika dawa.

Dukani, Kinga, binti wa jirani, akaligeuza boksi mara mbili.
«Hii ni ya sonona,» akanong'ona,
na foleni nzima ikatega sikio.
Nikasema kwa sauti: Mimi sina sonona. Mimi nina joto.
Mama mwenye mfuko wa viazi, theluji mabegani, akaguna:
«Heri yako.»

Nyumbani Wiesława akafungua karatasi ya maelezo,
akaisoma kwa miwani yake na yangu juu yake:
kinywa kukauka. Kichefuchefu. Usiache ghafla.
Alikuwa amevaa kofia ya sufu, ndani, mezani,
maana dirisha la chumbani nililiacha wazi wiki nne mfululizo
na theluji ilikuwa imelala kizingitini kama paka.
Hakuwa amesema neno.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwaka ule alipotimiza hamsini na mmoja
alikuwa akiamka usiku, akifungua dirisha,
kidogo tu, upana wa vidole viwili.
Nami, mtaalamu wa joto, chini ya blanketi:
Funga! Unaupasha mtaa? Unajua bei ya makaa?
Akafunga.
Asubuhi nilimkuta jikoni, paji la uso limeegemea vigae.
Nikadhani hapati usingizi.
Nikaomba chai.

«Ilikuchukua muda gani?» nilimuuliza, miaka kumi na minane nimechelewa.
«Saba.»
«Wiki?»
Akanitazama kwa miwani zote mbili.
«Na kidonge sikupewa. Nilikuwa na vigae.»

Wiki ya tatu sasa. Kutoka mara sita hadi mbili,
na hizo mbili zimepungua makali, zinapiga hodi kwanza.
Ulimi umekuwa kama kadibodi, glasi ya maji haiondoki kando yangu.
Jumanne, nikimenya tufaha, nililia,
si sana, kiasi cha kulowesha kisu,
kisha nikapiga mluzi hadi jioni.
Sijui kama kidonge, kikipita kwenda kwenye joto,
kimegusa pia kile nilichokikana mbele ya viazi vya watu.
Kwenye daftari sina safu ya jambo hilo.

Jana usiku nilinyanyuka nikafunga dirisha,
polepole, kwa ajili yake.
Gizani kofia ya sufu ikajigeuza.
«Acha wazi,» akasema Wiesława.
«Vidole viwili.»