Herufi Moja Mbele ya Wito

Tukuyu, Julai. Ukungu umeingia hadi masijala,
umekaa benchi moja na Bibi Tusubilege
ambaye hataki chai. Anataka kilo zake za tisini na nane,
majani mabichi yaliyopimwa, yasiyolipwa.

"Faili imo humo," anasema, akiionyesha mashine kwa kidevu.
"Ambakisye aliniambia mwenyewe: mama, nimeiweka."

Na kweli jina lipo. Linang'aa kwenye orodha,
mizani-1998,
limejipanga na wenzake kama halina neno.

Naita stat.
Wito huu haufungui faili. Ni kubisha tu
mlangoni pa kiini cha mfumo na kuuliza:
huyu ni nani, ana uzito gani, ni wa nani,
mara ya mwisho kuguswa ilikuwa lini?
Kikijibu sifuri, ni heri.
Sifuri ile ile iliyonipatia fimbo darasa la nne
kwa mwalimu Mwaipaja, hapa ni salama.
Kimejibu hasi moja.
Hakuna faili wala saraka kama hiyo.

"Inasemaje?"
"Inasema haipo."
"Na jina lile?"

Jina lile.
Kwenye njia panda ya kushukia mtoni kuna kibao: ZAHANATI, na mshale.
Zahanati ilihamishwa, nyasi zimemea hadi kizingitini,
kibao hakikuambiwa.
Stat ni mtiifu kupita kiasi. Mtume kwa kibao,
ataufuata mshale, atafika penye nyasi, atarudi mikono mitupu
na kuapa kwamba hakuna kitu,
wala hatakutajia kibao.

Basi naongeza herufi moja: lstat.
Ni l tu, nyembamba kama ufito,
lakini sisi tunaojua umbali wa kuita na kuitwa
hatudharau herufi moja.
Huyu haufuati mshale. Husimama pale pale njia panda
akakiuliza kibao habari zake chenyewe.

Sifuri.

Aina: kiungo.
Uzito: baiti kumi na nane, yaani urefu
wa anwani kinayoibeba, mikwaju ikiwemo, basi.
Ruhusa: kila mtu, kusoma, kuandika, kuendesha,
ukarimu wa anayekaribisha wageni nyumba ya jirani.
Mmiliki: 1004.
Hakuna jina. Tulilifuta kwenye daftari la watumiaji
wiki ile tuliyomzika Kyimbila.
Kuandikwa mwisho: Ijumaa, saa tano usiku
na dakika arobaini na saba.
Ulikuwa unafanya nini humu saa hizo, Ambakisye,
na umeme wenyewe wa kuvizia?

Nakisoma kiungo: /diski/mizani/1998
Nahesabu kwa kidole. Kumi na nane.

Diski.
Tunaitafuta kabatini, tunaitafuta juu ya mafaili ya karatasi
ambako panya wamejifungua mara mbili.
Iko kwenye droo ya mihuri, imevishwa soksi ya mtoto.
Naichomeka. Inakoroma, inanyamaza, inakoroma.
Naita stat, ile ya kwanza, kwa jina lile lile.

Sifuri.

Baiti elfu nne na kumi na mbili.
Mmiliki: 1004.
Ruhusa: mwenyewe tu. Wengine, hata kuchungulia, hapana.
Hili ndilo sijalizoea katika kazi hii:
unapewa uzito wa gunia
ambalo huna ruhusa ya kulifungua.

"Imo?"
"Imo, bibi."
"Inasemaje?"

Nawatazama hao 1004.
Nywila ya mkuu wa mfumo anayo Lugano,
na Lugano yuko Mbeya mjini, simu inaita tu.
Bibi Tusubilege anajifunga upya kitenge,
anasogea kidogo kwenye benchi kuupisha ukungu.

"Sasa hiyo chai," anasema, "ilete."