Usumba wa Chellamuthu

Kwanza naingiza mkono mpaka kiwikoni.
Juu ya lundo kila muuzaji ni mwaminifu;
ukweli hulala chini, kwenye fukuto,
pale ambapo hata jua la Pollachi halifiki.
Nachomoa konzi moja, naikamua:
matone mawili, matatu, basi.
Ikitiririka, imelowa mno.
Isipotoa kitu, imekaa mwaka mzima na panya.
Kisha nainusa, macho nimeyafumba.

Harufu ninayoitafuta haina jina zuri:
kumbi lililochambuliwa juzi,
gunia lililonyeshewa kidogo likaanikwa.
Nisiyoitaka naijua. Ni tamutamu,
kama embe lililosahauliwa kabatini.
Hiyo ndiyo iliyonila mwaka jana.

Mifuko arobaini.
Niliununua usumba ule kwa Ponnusamy, bei ya kutupa,
lundo limeegemea banda lake la kuku.
Ndani yake niliona unyoya mmoja mweupe,
nikauchomoa kwa vidole viwili, nikajiambia
unyoya ni unyoya tu.
Siku ya tisa, mfuko wa kwanza ukaota kijani.
Si kijani cha mpunga.
Kijani cha sarafu ya shaba iliyozama kisimani.
Siku ya kumi na mbili, chumba kizima.
Kuvu halibishi hodi;
waliobisha ni wenzangu wa kikundi cha mikopo,
wamejifunga sari zao za Jumapili.

Mwaka huu nimezunguka.
Kwa Arumugam niliuramba uzi mmoja.
Chumvi. Umetoka pwani,
umeozeshwa miezi kwenye maji ya wangwa.
Akacheka: "Mama, unanunua au unakula?"
"Utaliwa na uyoga," nikamjibu. "Mimi ni mwonjaji."
Kwa yule mwingine, kando ya barabara kuu,
usumba ulikuwa mkavu, mwekundu, mzuri wa picha,
na ulinuka dizeli.

Umebaki uwanja mmoja.

Chellamuthu ni mdogo wa marehemu mume wangu.
Miaka sita tangu kesi ya kisima
tunasalimiana kupitia mbwa wetu.
Siku ya msiba alisimama nje ya lango langu,
kandambili mkononi, hakuingia.
Nami sikumwita.
Yeye huuosha usumba wake mara tatu,
humwaga, hujaza, humwaga,
kwa maji ya kisima kilekile
ambacho hakimu alimpa yeye.

Nimekwenda asubuhi, kabla ya vijana wa kazi.
Nimeingiza mkono mpaka kiwikoni.
Yeye anatazama kidole chake cha mguu.
Matone mawili, matatu, basi.
Nimenusa. Nimeramba.
Hakuna chumvi. Kuna maji ninayoyajua,
niliyoyanywa nikiwa bibi harusi,
hina haijakauka viganjani.

"Kilo ngapi?" anauliza mizani.
"Mia mbili," naijibu mizani.
Anaongeza konzi moja juu. Naitoa.
Anairudisha. Naiacha.

Nyumbani nimechemsha pipa saa nzima na nusu,
maana safi si sawa na salama,
na mimi siamini tena kwa pua peke yake.
Nimetandaza usumba juu ya shuka iliyofuliwa,
nikapaka spiriti mikononi hadi ngozi ikalia,
nikapanga tabaka kwa tabaka: usumba, mbegu, usumba,
bila kuongea, nisije nikapulizia mate.

Siku ya tisa niliingia na tochi, moyo kooni.
Nyeupe.
Nyuzi nyembamba zikitambaa ndani ya nailoni,
nyeupe mfuko huu, nyeupe ule,
nyeupe hadi kona ya mwisho penye mjusi.
Sikushangilia. Nilihesabu, nikafunga mlango polepole.

Leo nimechuma vikapu vinne.
Vitatu vimepanda basi la saa kumi na moja.
Cha nne kiko kizingitini, kimefunikwa kitambaa chenye maji.
Sijaamua bado kama ni cha jirani,
au ni cha kule, upande wa kisima.
Mbwa wake amekwisha kukinusa, akaenda zake.