Nyumba na Ije

Barua ya manispaa ilikuwa fupi.
Zahanati, hapana: fungu limekwisha.
Muuguzi, ndiyo, mshahara tutalipa,
mkimpatia pa kulala na pa kuweka mizani.

Eduvina Millalonco aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaisukumia chini ya kopo la chumvi.
Alikuwa na nyumba ng'ambo ya mlangobahari,
nyumba ya mamaye, ya mbao, tupu miaka sita
ukiacha paka mmoja aliyekataa kuhama.
"Basi," alisema, "nyumba na ije."

Huku kusini mwa Chile, visiwani Chiloé,
nyumba huja.
Usicheke. Mimi nilicheka,
mgeni niliyeletwa na ndoa kutoka jangwa la kaskazini,
nilikozoea kwamba mtu ndiye husafiri
na nyumba ndiyo humngoja.

Msaragambo wao huitwa minga.
Unapita mlango kwa mlango, kofia mkononi,
huombi fedha, huahidi fedha,
unataja siku tu, na saa ya bamvua.
Atakayekuja atakula. Mkataba umeishia hapo.

Walikuja.
Wafuga kome na mashua mbili na kamba
nene kama paja la mtoto.
Parokia na gunia la maharagwe,
padri kavaa viatu vya mpira.
Mwalimu alifunga shule, akasema hili ndilo somo la fizikia.
Akina Huenteo walileta magogo ya kutelezesha,
akina Barría wakaleta yao,
wakabishana nani kakata yaliyonyooka
hadi saa tatu asubuhi, mvua ikiwanyeshea sawasawa.

Maksai jozi nane. Tulihitaji tisa.
Kila mtu alijua ya tisa iko wapi:
kwa Nolberto Cárcamo, jirani wa ua kwa ua,
asiyemsalimu Eduvina tangu ile kesi ya mpaka,
miaka kumi na mmoja, kisa shina la mtufaha.

Nyumba ikainuka. Ikalia kama meli.
Ikateremka ikidondosha vigae vya mbao,
na hatua mia kutoka majini
ikazama topeni, ikatulia.
Vuta! Maksai wakapiga magoti.
Vuta! Maji yanajaa, na bamvua haingoji kikao.
Viganja vyangu vya karani vilichunika;
nikaona kwamba kidogo changu ni kidogo kweli,
na kwamba nikikiachia
kamba italegea kwa kidogo hichohicho.

Ndipo tukasikia kengele za nira.
Nolberto. Hakusema neno.
Akafunga jozi yake mbele ya zote,
akatazama tope, akapiga mluzi.
Nyumba ikang'oka kama jino.

Ikaelea! Dirisha la jikoni
likapita juu ya maji yaliyotobolewa na mvua,
na paka kakaa kizingitini, anatutazama
kama bibi aliyelipa nauli.

Usiku tulikula viazi na kome na nyama ya moshi.
Nolberto hakuvuka.
Eduvina akajaza sahani, akaifunika kwa kitambaa,
akamkabidhi mwenye mashua.
Asubuhi ilirudi imeoshwa,
ndani yake matufaha matatu.
Sijui kama hiyo ni amani. Sikuuliza.

Sasa muuguzi Yessenia hupima watoto
pale lilipokuwa jiko la kuni.
Sakafu imeinamia bahari;
weka mpira chini, utautafuta mlangoni.
Manispaa ilituma kibao chenye nembo,
tukakipigilia, kwa nini tusikipigilie?
Bila mshahara wao tungevuta ukumbi wa paka.
Lakini muuguzi hatumii rula yao.
Kwenye mwimo wa mlango iko mistari ya penseli:
Eduvina, miaka mitano. Eduvina, sita.
Watoto wa kisiwa husimama hapo, visigino ukutani,
wakadai wamempita.

Paa linavuja pale vigae vilipodondoka.
Jumamosi, maji yakitoka.
Safari hii kofia mkononi
ni mimi ninayepita.