Bado Siku Nne

Jumanne. Daftari linadai kilomita arobaini.
Baiskeli niliyoazima kwa Murhula
inasema mnyororo umekauka
na breki ya nyuma ni dua tu.
Nimechukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia,
nikaandika pembeni: Hukufanya.
Kisha nikakata, nikaandika: Sikufanya,
maana mwanafunzi ni mimi.

Wiki ya tatu mvua iliinyeshea Kadutu
mpaka njia ikawa uji.
Ya nne, mitihani: makaratasi mia mbili na kumi ya fizikia,
na nusu ya watoto hawajui bado msuguano ni nini.
Mimi naujua. Uko gotini.
Ya tano akafariki shangazi Nsimire, kule Walungu,
na matangani hakuna pa kusimama useme,
samahanini wazee, nina zamu ya kuogelea.

Wananiambia Kivu haina mamba.
Wananitia moyo,
kana kwamba niliwahi kumwaza mamba.
Ninachokiogopa ni ile mita ya mia nne,
Muhumba imebaki nyuma, boya halikaribii,
na pumzi inageuka mgeni mwenye haraka:
anabisha hodi, anachungulia,
hakai.

Cirhuza, anayetufundisha bila kulipwa
na kwa hiyo bila huruma,
amesema: siku nne haziongezi kitu mwilini,
zinaweza kuiba tu. Nenda ulale.

Nililala.
Saa kumi usiku umeme ukarudi ghafla,
redio ya jirani ikaamka na taa zote,
nami nikavaa viatu kama mwizi
nikapanda Kadutu mbio, kulipa deni la wiki tano
kwa asubuhi moja.

Kwenye kona ya tatu nilikutana na mama wawili
wakishuka kuelekea bandarini, kamba za mizigo shingoni, bado tupu.
Mmoja akasimama. Hakunitazama mimi,
alitazama nyuma yangu.
Mwalimu, nani anakufukuza?

Hakuna, mama. Ni mazoezi.
Mazoezi ya nini?
Ya kukimbia.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Mwenzake hakucheka.

Mji huu tumewahi kuukimbia,
godoro kichwani, Ansima mgongoni,
sufuria ikigonga paja njia nzima,
na hakuna aliyeuliza nani amejiandaa.
Sisemi hayo yahesabiwe.
Mguu haujivunii kilichoulazimisha.
Nasema tu kwamba nilirudi nyumbani nikitembea,
polepole, katikati ya barabara,
na kutembea kwenyewe kulikuwa kutamu.

Alhamisi nimekula kahunga na sambaza, nikaongeza.
Sikugusa baiskeli, isipokuwa kuipaka mafuta,
isipokuwa kuipanda hadi kwa fundi,
isipokuwa kurudi kwa njia ndefu ya Nguba.
Cirhuza asiambiwe.

Ijumaa usiku. Kwenye kiti: miwani ya kuogelea,
kofia ya mpira inayonibana mawazo,
soksi, ndizi mbili, pini nne.
Ansima ananiandika namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito,
thelathini na nane,
ulimi nje, kama anachora ramani.
Mama, ukiwa wa mwisho?
Nitakuwa wa mwisho.
Ukishindwa katikati ya maji?
Nitalala chali, nitazame mawingu,
mpaka pumzi ikubali kuketi.
Anafikiri. Anapuliza wino ukauke.
Basi ujifunze kulala chali, anasema,
anazima taa.

Gizani nimefungua daftari kwa kupapasa.
Chini ya ukurasa, kwa herufi zinazopandana,
nimeandika lengo:
kutoka majini.
Mengine
nitayasahihisha nchi kavu.